Zana Namba Kumi na Mbili

Kazi yangu ni stoo. Natunza mabuti, kofia ngumu, kamba, grisi na mifuko ya sampuli, katika kampuni inayopeleka vifaa kwa vikosi vinavyotoboa miamba kutafuta dhahabu upande wa Geita. Ofisi yetu iko Ibadakuli, jirani na uwanja wa ndege wa Shinyanga. Ndege ikishuka tunanyamaza kidogo, kisha tunaendelea na maneno pale tulipoyaachia. Nilisoma mpaka darasa la saba. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka huu nimeandika maandishi yanayosomwa na mashine, na watu wakisikia hivyo wanadhani nilifika chuo.

Ilianza meneja aliporudi kutoka mkutanoni akiwa na maneno mapya. Alisema tunaingia kwenye manunuzi ya kimkakati. Maana yake, alivyotueleza, ni kuacha kununua kwa kushtuka. Sisi tulikuwa tunanunua kamba siku kamba inapokatika. Sasa tungekaa chini, tuangalie ni vitu gani vikikosekana kazi inasimama, tuchague wauzaji wazuri wa vitu hivyo na kuwapa mkataba wa miaka mitatu. Kusaidia kazi hiyo kampuni ilileta wakala wa akili unde. Ni programu inayoomba bei kwa wauzaji, kusoma majibu yao, kuwalinganisha na kupendekeza nani apewe mkataba.

Pamoja na programu akaja binti mhandisi kutoka Mwanza, mwembamba, ana mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Aliniamkia vizuri, akavuta ndoo ya grisi akaikalia, akaniambia, "Mama, nimeambiwa wewe ndiye unajua tunavyonunua."

"Najua tunavyopokea," nikamwambia. "Kununua anajua meneja."

"Meneja ameniambia anajua kusaini tu."

Akanieleza kwamba wakala hafanyi kitu kwa akili tupu. Ana zana. Zana moja ya kutafuta muuzaji, nyingine ya kutuma ombi la bei, nyingine ya kusoma rekodi za stoo, hivyo hivyo mpaka kumi na moja. Lakini kila zana lazima iwe na maelezo kwa maneno ya kawaida: inafanya nini, inahitaji nini, itumike wakati gani, na wakati gani isitumike. Wakala anasoma maelezo hayo ndipo anaamua ashike zana ipi.

"Chukulia umeajiri mtu mwerevu sana," alisema. "Amefika leo asubuhi kutoka mbali. Hajui njia, hajui mtu, na hana wa kumuuliza. Anajua kile tu utakachomwandikia."

Nilimwelewa vizuri. Nilipoolewa Shinyanga nilikuwa mtu wa namna hiyo kwa mwaka mzima.

Tukaanza. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari la mistari, yeye anahamishia kwenye kompyuta. Ilikuwa kazi ya raha kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mashine ilitii kupita kiasi. Niliandika zana ya kuomba bei iombe "bei ya buti", na wakala akaomba bei ya buti moja. Muuzaji mmoja akajibu kwa upole kwamba yeye anauza ya miguu miwili. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa mjini, ambaye tumenunua kwake tangu ofisi ilipokuwa chumba kimoja, alinipigia simu asubuhi hiyo hiyo.

"Mama, nani huyu ananiandikia kama polisi? 'Toa bei ya misumari inchi nne.' Hata habari za asubuhi hakuna."

"Ni mashine, mzee."

"Mashine ya nyumba gani? Haina wazazi?"

Nikarudi kwenye daftari nikaongeza: anza kwa salamu, muuzaji akiwa mtu mzima mpe shikamoo. Kesho yake mzee akapiga tena.

"Mama, leo imenipa shikamoo mara nne. Misumari shikamoo, bawaba shikamoo, rangi shikamoo. Nimeitikia marahaba mpaka chai imepoa."

Binti mhandisi alicheka mpaka akateleza kwenye ndoo. Tukaandika: salamu moja kwa siku kwa mtu mmoja. Tangu hapo mzee hakulalamika tena, na mimi nikaanza kujiona fundi.

Hapo ndipo nilipokosea. Zana namba saba ilikuwa ya kupunguza orodha. Kazi yake ni kumwondoa muuzaji asiyejibu, ili wakala asisubiri mtu ambaye hana nia. Niliandika kwa mkono wangu: "Muuzaji asipojibu, mwondoe. Muda wa kusubiri inategemea."

Binti akaguna. "Mama, mashine haijui inategemea. Ipe namba."

"Lakini kweli inategemea."

"Inategemea nini?"

Ningeweza kukaa nimweleze. Nilijua. Lakini ilikuwa karibu na saa ya chakula, na nilikuwa nimeanza kupenda sentensi fupi zinazofanana na za watu waliosoma. Nikaandika siku mbili. Niliisoma kwa sauti, nikaona imekaa vizuri, kali, haina makombo. Akaihamishia kwenye kompyuta tukaenda kula wali.

Sasa nieleze kuhusu mifuko ya sampuli. Mashine ya kutoboa inatoa unga wa mwamba kutoka chini, mita kwa mita, na kila mita unga wake unatiwa kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba, ukapimwe kama una dhahabu. Mfuko ukipasuka au namba ikifutika, hakuna anayejua ule unga ulitoka wapi, na shimo zima linakuwa la mashaka. Nimewahi kufika huko Geita nikaona mtaalamu wa miamba, mtu mzima mwenye ndevu, amepiga magoti anachambua udongo mwekundu uliomwagika, karibu kulia. Mifuko ile ilitoka kwa muuzaji mwingine. Ya kwetu tunashonewa na mama mmoja wa mtaa wa Kambarage pamoja na wanawake watano, kwa kitambaa kizito cha pamba, marekani, kamba imepitishwa kwenye pindo mara mbili. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa kampuni, ndiye aliyekuwa akiipeleka Geita, na alikuwa akisema mifuko ya mama yule unaweza kumkabidhi mtu mwenye hasira na isipasuke.

Mume wangu amefariki miaka miwili sasa. Simtaji sana ofisini. Watu wema wakisikia wanainamisha vichwa, na kazi inasimama.

Wakala alituma maombi ya bei ya mkataba wa miaka mitatu siku ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi binti akanifungulia orodha iliyokuwa tayari kusainiwa kesho yake saa sita mchana. Nikaenda moja kwa moja kwenye mifuko ya sampuli. Palikuwa na kiwanda kimoja tu, cha mbali. Mama wa Kambarage hakuwepo.

"Muulize kwa nini," nikamwambia binti.

Akaandika swali. Jibu likaja mara moja, kwa adabu, likianza na shikamoo. Lilisema muuzaji huyo ameondolewa kwa mujibu wa maelezo ya zana namba saba, kisha likanukuu sentensi yangu neno kwa neno. Niliisoma ile sentensi niliyokuwa nimeipenda. Kwenye skrini ilikuwa kali kweli.

Nikapiga simu ya mama wa mifuko, haipatikani. Nikachukua bodaboda mpaka Kambarage. Mlango wa karakana yake ulikuwa umefungwa, cherehani zimefunikwa kanga, naziona dirishani. Jirani anayeuza mkaa akaniambia, "Mama amekwenda msibani kwao Kishapu tangu Jumapili. Baba yake mkubwa amefariki. Mafundi wake nao wamemfuata kumsindikiza."

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mume wangu alipofariki, simu yangu ilikaa kwenye sanduku la nguo siku kumi na mbili. Hakuna aliyeniondoa kwenye orodha yoyote. Walikuja kutoka ofisini, wakakaa na sisi kwenye mkeka, na mmoja wao akabaki kuosha masufuria. Katika watu wote wa ofisi ile, ambaye hakupaswa kuandika siku mbili ni mimi.

Nikarudi nikamwambia meneja. Binti mhandisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani aliandika siku mbili?" meneja akauliza.

"Mimi."

"Mhandisi hakukuelekeza?"

"Alinielekeza niandike namba. Namba niliichagua mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyefuta inategemea, bosi," binti akasema.

"Basi gawaneni," meneja akasema. Si mtu mkali, ila anaogopa upendeleo kama wengine wanavyoogopa nyoka. "Sikilizeni. Siwezi kumrudisha kwa huruma. Nikianza huruma, kesho shemeji yangu naye anauza mabuti, atataka huruma. Jibu lake likiingia kabla sijasaini, kutoka kwenye simu yake mwenyewe, atalinganishwa kama wengine. Lisipoingia, miaka mitatu si milele."

Kwa wanawake sita wenye cherehani, miaka mitatu ni ndefu. Hilo alilijua pia, maana alitukabidhi ufunguo wa gari la ofisi kabla sijauomba.

Tulifika msibani alasiri, mimi na binti, baada ya kupita mji wa Mhunze, mahali ambapo pamba ilikuwa imeshavunwa na ng'ombe wanakula mabua. Marehemu alikuwa mzee aliyeshiba umri, ana vitukuu, kwa hiyo ulikuwa msiba wa kulia na kula. Wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka. Nilimwonya binti tusitaje kazi mpaka tukae kwanza. Tukatoa pole, tukatoa rambirambi, tukakaa. Tukaletewa ugali wa mtama na mlenda. Binti alikuwa anaangalia saa yake kwa siri. Nikamfinya.

Katikati ya wanaume alikaa mtu mmoja mwembamba kwenye kiti cha marehemu, amevaa koti la marehemu limegeuzwa ndani nje, na kofia yake. Alikuwa mtani wa ukoo. Kwetu mtani msibani ana ruhusa zote. Anaweza kumtukana mfiwa, kukataa chakula, kuchukua kitu chako mpaka ukikomboe, na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu kazi yake ni kuzuia watu wasizame.

"Nyie mnatoka mjini?" alituita. "Mbona mmechelewa? Nimekufa tangu Jumapili."

"Tusamehe, mzee," nikasema. "Barabara."

"Barabara ilikuwepo nilipokuwa hai. Mkakaa kwenu."

Watu wakacheka, na mama wa mifuko akainua kichwa akaniona. Ni mwanamke mnene, mcheshi, siku hiyo macho yamevimba. Akajongea kwenye mkeka wetu.

"Mayu, umekuja mpaka huku? Wabeja sana," akanishukuru kwa Kisukuma.

Nilimpa pole kwanza. Kisha nikamweleza yote, bila kupunguza: ombi la bei, zana namba saba, sentensi yangu, kesho saa sita. Alinisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Na umekuja kuniambia mwenyewe."

"Ningemtuma nani?"

Akavuta pumzi. "Mafundi wangu wawili wamechukua cherehani kwa mkopo wakitegemea kazi yenu. Nitajibu sasa hivi. Ila simu yangu iko jela."

Akaelekeza kidevu kwa mtani. Kando ya kiti chake palikuwa na kapu, na ndani yake ndala moja moja, fimbo, filimbi ya mgambo na simu.

"Anataka nini?"

"Alitaka jogoo, nikampa jogoo. Sasa anasema nilie upya. Anasema jana nililia kivivu."

Nikaenda kupiga magoti mbele ya kiti. Nilifikiri nimdanganye kwamba kuna mgonjwa, lakini uongo mbele ya marehemu, hata wa kuigiza, ulinishinda. Nikamwambia kuna mashine mjini iliyomwondoa mama huyu kwenye kazi kwa sababu hakujibu.

"Ina maana hiyo mashine haikujua kwamba nimekufa?"

"Haikujua."

"Haikutuma mtu kuuliza?"

"Haikutuma."

"Basi ije ilie hapa, ndipo nitoe simu."

"Haiwezi kulia, mzee."

"Nani aliifundisha?"

"Mimi."

"Basi utalia wewe, kwa niaba yake."

Turubai lote lilikuwa linatuangalia. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Nikasimama, nikatoa sauti nyembamba ya mashine. "Shikamoo mzee. Shikamoo koti. Shikamoo kofia. Ninasikitika kifo chako hakikupatikana kwenye orodha yangu." Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akanipigia kigelegele. Nikanyoosha mikono kama wanavyofanya waliaji, nikaanza kupiga yowe, na sijui katikati ya yowe kulitokea nini. Sauti ikaacha kuwa ya mashine. Siku ya kumzika mume wangu sikulia. Nilikuwa nahesabu sahani za kuazima, zisipotee, maana ndiyo kazi ninayoiweza. Kwa miaka miwili nilikuwa bado nazihesabu. Pale Kishapu, mbele ya koti la mzee nisiyemjua, nililia mpaka mama wa mifuko akaja akanishika kiunoni.

Mtani alivua kofia. Kisha akairudisha kichwani na kutoa simu kwenye kapu.

"Inatosha, mama. Mashine yako ina uchungu kuliko ndugu zangu wote. Hawa walinilia wanatazama nyama."

Watu wakacheka tena, na mimi nikacheka huku pua inanitoka maji. Nilijisikia mwepesi kama gunia lililomwagwa.

Simu ilikuwa imezima. Tuliichaji kwenye duka lenye paneli ya jua, na mtandao ulipatikana ukisimama juu ya kichuguu karibu na zizi. Mama wa mifuko alipanda, akasoma ombi, akanitazama chini.

"Niandike bei gani?"

"Usiniulize. Ya wenzako nimeiona."

"Hata kukonyeza?"

"Naangalia ng'ombe."

Nikageuka nikaangalia ng'ombe. Palikuwa na dume moja jeupe lenye pembe moja, na nililisoma lile dume kama daftari mpaka niliposikia simu imelia kwamba ujumbe umekwenda. Binti naye akapanda kichuguu na kompyuta yake, akatazama. Jibu lilikuwa limeingia.

Ijumaa wakala akalinganisha upya. Bei ya mama ilikuwa juu kidogo ya kiwanda. Lakini zana ya rekodi za stoo, niliyoiandika vizuri kuliko zote, ilionyesha kwamba hakuna mfuko wake hata mmoja uliorudishwa kutoka Geita. Wakala akampendekeza yeye. Meneja alisoma sababu mara mbili akitafuta upendeleo, hakuuona, akasaini saa tano na nusu. Wiki iliyofuata mama wa mifuko alikuja kusaini upande wake, akaniletea kuku. Nikamwambia siwezi kupokea kuku kwa mtu mwenye mkataba nasi, akasema basi tumle hapa hapa na meneja awepo. Meneja alikula paja, kwa mashaka.

Zana namba saba tuliiandika upya kwa siku tatu. Sasa inasema muuzaji aliyekuwa anajibu akinyamaza, usimwondoe, kwanza uliza. Binti akasema, "Lakini wakala atamuuliza nani, mama? Hana miguu." Tukatazamana, na yeye akaanza kutabasamu. Ndivyo ilivyopatikana zana namba kumi na mbili, ambayo ni mimi. Wakala akiona mtu kimya, ananitumia ujumbe na mimi naenda kuuliza kwa jirani, kwa muuza mkaa, kanisani au msikitini, kisha namrudishia jibu.

Maelezo yake niliandika mwenyewe kwenye daftari, kwa utaratibu ule ule. Inafanya nini: inajua mtu yuko wapi na kwa nini amenyamaza. Inahitaji nini: jina, mtaa, na nauli ya bodaboda. Binti akaongeza kwamba haifanyi kazi vizuri kabla ya chai, nikamwachia, kwa sababu ni kweli. Tulipofika kwenye wakati wa kutoitumia nilikaa na kalamu kidogo, ndege ikashuka, tukanyamaza. Ilipopita nikaandika: isitumike ikiwa na msiba. Itarudi yenyewe.

Binti aliisoma, akaihamishia kama ilivyo. Safari hii hakuniomba namba.